Soko Lilichelewa Kufungwa

Tangu asubuhi ile mkurugenzi alipomkabidhi kazi, Desimali hakuweza kutulia kitini. Alikaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akafungua kompyuta, akaifunga. Chai aliyojimiminia ilifanya utando juu bila kuguswa. Wenzake pale kwenye taasisi ya utafiti, waliozoea kumwona ameganda mbele ya kioo kama picha iliyopigiliwa ukutani, walianza kutazamana.

Jina la Desimali alibandikwa shuleni, akiwa msichana mdogo, siku alipomsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya darasa zima, na likamganda hadi ukubwani. Mama yake alilichukia, halafu akalizoea, halafu akalitumia yeye mwenyewe. Siku hizi hata mkurugenzi alimwita hivyo vikaoni, na wageni walidhani ndilo jina la ukoo. Alikuwa mtakwimu, tena wa kutegemewa: kazi ikitoka mikononi mwake, watu hawakuwa na haja ya kuipiga msasa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia kipindupindu kilipita nchini kama moto wa nyika. Miji mingine ilifunga masoko na visima mara tu wagonjwa wa kwanza walipolazwa. Mingine ilisuasua mpaka mambo yakaharibika. Na kwa kuwa kila mji una baraza lake, na kila baraza lina chama kinacholishika, maneno hayakukawia. Wapinzani walisema mabaraza ya chama tawala yaliuficha ugonjwa ili serikali isiaibike. Chama tawala kikasema mabaraza ya upinzani yalipiga kelele kupita kiasi ili serikali iaibike. Kamati ya afya ya bunge ilichoka kusikiliza matusi, ikaiandikia taasisi: tupimieni kwa takwimu, chama kinabadilisha uamuzi wa afya au hakibadilishi? Basi.

"Hii ni yako," mkurugenzi alimwambia. "Wewe huna chama."

"Sina chama, lakini nina kaka."

Mkurugenzi aliinua macho. Alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya taratibu, asiyependa kushtukizwa. Desimali akamweleza bila kuzunguka: kaka yake, wa tumbo moja, ndiye mwenyekiti wa baraza la mji wao wa nyumbani, kwa tiketi ya chama tawala. Soko la mji huo ni miongoni mwa yaliyochelewa kufungwa. Na shangazi yao, dada wa marehemu baba, aliyewalea wote wawili baba alipofariki na mama akawa anahangaika na vibarua, alikuwa akiuza mboga katika soko hilo. Kipindupindu kilimchukua.

"Pole," alisema mkurugenzi. Akachezea miwani yake. "Andika hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, kila mtu ayaone, kisha tuendelee. Nikisema nitafute mtakwimu asiye na ndugu kwenye siasa, itabidi niajiri malaika. Ila hutafanya peke yako. Utafanya na Breki."

Breki alikuwa mtakwimu mzee aliyekaribia kustaafu. Aliitwa hivyo kwa sababu kazi yoyote ikianza kushika kasi, yeye huikanyagia. Alikuwa na tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu na kuuliza swali moja, dogo, la upole, ambalo lingekurudisha mwanzo kabisa wa kazi. Vijana wa ofisini walikuwa wakimwona anakuja na kalamu mdomoni wanajifanya wanaongea na simu.

Desimali alianza na lililo rahisi. Kwa kila mji aliweka chama kinachoshika baraza, na muda uliopita tangu mgonjwa wa kwanza alazwe mpaka soko lifungwe. Akalinganisha. Mabaraza ya chama tawala yalikuwa yamechelewa, tena si kidogo. Lakini tofauti peke yake haitoshi. Huenda ni bahati tu, kama vile mtu anavyoweza kupata karata nzuri bila wizi. Basi akaiamuru kompyuta ichanganye vyama: ichukue mji huu iupe chama cha mji ule, ovyo ovyo, maelfu ya mara, na kila mara ipime tena. Kama tofauti kubwa kama ile ya kweli ingejitokeza mara nyingi katika mchanganyiko huo wa ovyo, basi chama hakihusiki. Ilijitokeza kwa nadra mno. Bahati haikuweza kubeba mzigo ule.

Aliitazama michoro kwenye kioo. Kila mji ulikuwa nukta. Nukta ya mji wao ilikuwa kule mwishoni kabisa upande wa kulia, wa waliochelewa zaidi, imejitenga, kama mtoto aliyefukuzwa kwenye mchezo. Hakuhitaji kusoma jina lake.

Alikwenda chooni akanawa uso mara mbili. Alipotoka simu ikalia, alikuwa mama.

"Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi, mama."

"Ofisi yenu si iko chini?"

Desimali akacheka kwa shida. Mama alikuwa akiishi kwa kaka, kwenye chumba cha mbele, na alipiga simu kila alipopata salio na hata asipokuwa na la kusema. Siku hiyo alikuwa nalo. "Kaka yako hali vizuri. Anachokonoa tu chakula, anaondoka. Mkewe ananiuliza mimi, na mimi nimuulize nani? Hebu ongea naye wewe, mnasikilizana."

"Nitaongea naye."

Hakuongea naye. Alirudi kwenye kompyuta na kufanya lile ambalo mtakwimu yeyote mzuri angefanya, na alijiambia hivyo kila dakika: kutafuta kama kuna jambo lingine nyuma ya chama. Mji una wakazi wangapi? Soko lake kubwa kiasi gani? Majibu ya maabara kuu yalifika lini? Hilo la mwisho ndilo lililompa uhai. Alipoiingiza tarehe ya majibu ya maabara kwenye hesabu, tofauti kati ya vyama iliyeyuka kama barafu juani. Miji ya chama tawala ilichelewa kufunga masoko kwa sababu majibu yalichelewa kuifikia. Baraza haliwezi kufunga soko kwa tetesi. Chama kikawa hakina kosa.

Moyo ulimtua. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze aliagiza chakula akakimaliza, akamtania msichana wa mapokezi, akatembea korido nzima huku anapiga mluzi. Aliandika aya mbili za hitimisho kwa mkupuo mmoja. Kisha akamwona Breki anakuja, kalamu mdomoni.

Mzee alisoma akiwa amesimama. Alisoma tena. Akavuta kiti.

"Nzuri," alisema. "Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ungekuwa huna kaka, ungesimama hapa?"

Damu ilimpanda Desimali usoni. "Unamaanisha nini, Mzee? Nimepika data?"

"Sijasema umepika. Ulipopata jibu la kwanza, hukuliamini, ukachimba. Ulipopata hili la pili, umeandika hitimisho saa hiyohiyo. Nauliza tu, kwa nini lile lilichimbwa na hili halikuchimbwa?"

"Kwa sababu hili lina maana! Majibu yalichelewa, mabaraza yakachelewa. Kuna fumbo gani hapo?"

Breki alitoa kalamu mdomoni. "Majibu yalichelewa kwa sababu maabara iko mbali, au kwa sababu sampuli za wagonjwa hazikupelekwa? Maana kama kuna mtu aliyezichelewesha sampuli zenyewe, na akazichelewesha kwa ajili ya chama, basi wewe umechukua waliochelewa ukawalinganisha na waliochelewa, halafu unashangaa wamelingana."

Desimali alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi hakumwamkia mzee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na likamkera yeye zaidi kuliko lilivyomkera mzee, aliyekuwa ananywa chai yake kwa raha zake. Mpaka mchana alikuwa amejishinda. Alikwenda mezani kwa Breki akasimama.

"Tunahitaji tarehe ambazo sampuli zilitoka kila hospitali."

"Tunazihitaji," alisema Breki, akamsogezea kiti.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya simu. Waligawana miji, wakazipigia hospitali moja baada ya nyingine. Wengine walijibu papo hapo. Wengine waliwazungusha mpaka kichwa kikauma. Mmoja alimwambia Desimali kwamba anayeshika tarehe hizo yuko likizo ya uzazi, na alipoambiwa basi ampigie huko, akajibu kwamba mtoto ndiyo kwanza amelala. Desimali alizungumza akitembea, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, hadi msichana wa mapokezi akamwambia atachimba mfereji. Miji ilijaa mmoja mmoja kwenye jedwali. Ule wa nyumbani ulibaki wazi. Kila alipoifikia namba ya hospitali yao, aliiruka.

"Hiyo nitapiga mimi," Breki alimwambia, bila kuinua macho. "Wewe usiiguse. Kama unataka kwenda nyumbani, nenda kama dada mtu."

Jumamosi alipanda basi la kwanza.

Nyumba ya kaka ilikuwa ileile, na geti lililokwaruza chini kila likifunguliwa, na bango la kampeni lililopauka likiwa bado limebandikwa kwenye ukuta wa uani. Kaka ndani ya bango alikuwa kijana, mnene, anacheka. Mama alimpokea mlangoni, akamshika mashavu, akamlaumu kwa kukonda. Wifi yake alikuwa anaanua nguo. "Afadhali umekuja, wifi," alimnong'oneza. "Huyu mwanaume amekuwa kama mpangaji humu ndani. Hata ugomvi hataki."

Kaka alirudi kutoka kikaoni alasiri. Hakuwa yule wa kwenye bango. Shati lilimpwaya shingoni. Walisalimiana, wakauliza habari za hapa na pale, mama akasifu mvua, wifi akaleta chakula. Kisha mama alipokwenda kujinyoosha, kaka akasema, "Twende nyuma, Desi," na wote wawili wakajua ni kwa nini.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la maji na viti viwili vya plastiki. Kaka alikaa. Desimali alishindwa kukaa, akasimama ameegemea tangi.

"Mzee mmoja wa ofisini kwenu alimpigia daktari wetu," kaka alianza. "Daktari akanijia. Akaniuliza, nimpe tarehe au nisimpe? Nikamwambia mpe."

"Sikuja kwa ajili ya tarehe."

"Najua. Ila mimi nataka kukwambia." Alijikuna kidevu. "Sampuli haiondoki hospitali bila gari la baraza, na gari la baraza haliondoki bila saini yangu. Daktari alikuja ofisini Ijumaa. Akasema ana wagonjwa wanaohara maji kama ya mchele, anataka gari aende maabara kuu. Unakumbuka kulikuwa na nini wikiendi ile?"

Desimali alikumbuka. Mkutano mkubwa wa chama, viongozi wote wa juu, kwenye uwanja wa soko.

"Nani alikupigia simu?" aliuliza. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Nani alikuambia uzuie?"

"Hakuna." Kaka alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Desi. Ningekuwa nimeamriwa, ningekuwa na mtu wa kumchukia. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyenitumia ujumbe. Nilijua tu. Nilijua nikipeleka, majibu yatatoka, mkutano utafutwa, na watauliza ni mwenyekiti gani huyu asiyejua wakati. Nikamwambia daktari, tusubiri Jumatatu, huenda ni chakula kibaya. Nilisema kwa upole kabisa. Hata yeye aliniamini."

Upande wa pili wa ukuta watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira, na kila mara uligonga bati.

"Jumamosi nilipita sokoni na wageni," kaka aliendelea. "Shangazi alikuwa kibandani kwake. Alinipungia mkono. Aliwaambia wateja, 'Huyo mwanangu huyo.' Nilisikia."

Desimali akavuta kiti cha pili. Sasa alikaa. Alitaka kumtukana, na alitaka kumshika mkono, na hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Na kama ungekuwa upinzani?" aliuliza hatimaye.

Kaka alicheka, kicheko kikavu. "Ningefunga soko Ijumaa hiyohiyo. Tena na kipaza sauti juu ya gari."

"Mama anajua?"

"Mama anajua wifi yake alikufa kwa kipindupindu. Basi." Akainama mbele. "Utaniandika?"

"Siandiki watu, Kaka. Naandika miji, yote kwa pamoja."

"Na mji wangu umo."

"Umo. Lakini jaribio haliwezi kusema mwenyekiti fulani alifanya nini moyoni mwake. Linasema tu mabaraza ya upande huu yameelemea huku kuliko yale."

"Yaani mimi nimekwambia kile ambacho takwimu zako haziwezi kukuambia," kaka alisema, "na wewe huwezi kukiandika."

Walikaa pale mpaka wifi alipowaita chai.

Jumatatu alimwambia Breki kwamba hatagusa hesabu ya mwisho. Hakusema kwa nini, na mzee hakuuliza. Walikubaliana kwanza, kwa maandishi, ni jaribio gani litafanywa na kwa njia gani, ili jibu likija wasianze kutafuta jingine la kuwafurahisha. Breki akafuta majina ya miji na kuweka namba, akafunga mlango wake. Desimali alibaki koridoni. Alisoma matangazo yote yaliyobandikwa ukutani, pamoja na lile la kozi ya kuzima moto iliyokwishapita. Alikunywa maji, akaenda chooni, akarudi, akasoma matangazo tena.

Mlango ulipofunguliwa, Breki hakuwa na kalamu mdomoni.

"Tofauti ipo," alisema. "Chama kinasukuma. Upande wa chama tawala, sampuli zilikaa hospitali muda mrefu zaidi, na palipokuwa na mkutano au ziara karibu, zilikaa zaidi tena. Hiyo si bahati. Lakini subiri, usiondoke. Upande wa upinzani nao wamo. Wamefunga masoko haraka, sawa, ila mengi yalifungwa ambapo hapakuwa na ugonjwa wowote, na majibu yalipokuja safi hawakuyafungua masoko. Kuna mji ulifunga soko mwezi mzima kwa sababu ya watoto watatu walioharishwa na matunda mabichi. Wachuuzi walisota."

"Kwa hiyo wote."

"Wote. Hawa kwa kuficha, wale kwa kukuza. Waliotumia macho yao tu ni wachache, na hao wapo pande zote mbili." Akavua miwani. "Hakuna atakayetushukuru, binti."

Hakuna aliyewashukuru. Siku ya kuwasilisha ripoti, ukumbi wa kamati ulijaa, na redio ya taifa ilirusha kikao moja kwa moja. Desimali alieleza kwa lugha nyepesi. Alipomaliza tu, mbunge wa upinzani alisimama akasoma kwa sauti kurasa za kuficha, akakaa akipigiwa makofi. Mbunge wa chama tawala akasimama akasoma kurasa za kukuza, naye akapigiwa makofi. Hakuna aliyesoma ukurasa wa mwenzake. Mkurugenzi, aliyekaa nyuma, alikuwa ameshika tama.

Kisha mbunge mmoja kijana, mwembamba, akaomba nafasi. "Mtaalamu, kwenye ukurasa wa kwanza umeandika kwamba una ndugu mwenyekiti wa baraza. Ni kaka yako, sivyo?"

"Ndiyo. Kaka yangu."

"Na mji wake ulichelewa."

"Ulichelewa."

"Basi tuambie. Kaka yako alichelewesha kwa ajili ya chama, au hakuchelewesha?"

Desimali alikuwa na jibu, alilopewa na kaka kwa mdomo wake mwenyewe, nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Halikuwa la kamati. Halikuwa hata lake.

"Jaribio letu linazungumzia mabaraza kwa ujumla," alisema. "Haliwezi kusema mtu mmoja aliamua kwa sababu gani."

Lilikuwa jibu sahihi. Mwalimu yeyote wa takwimu angelipa alama zote. Lakini alipokuwa anarudi kwenye kiti chake alihisi kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango wa kioo. Breki alimsogezea glasi ya maji.

Asichojua ni kwamba nyumbani, redio ilikuwa imewashwa sebuleni. Wifi ndiye aliyemsimulia baadaye. Mama alikuwa anasikiliza, kwa sababu binti yake alikuwa anaongea redioni, na alikuwa amewaita majirani wawili waje wasikie. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, anajifanya anatoka. Lilipoulizwa lile swali, na Desimali akajibu vile, mama aliinuka akazima redio. Akawaomba majirani wampe nafasi na wanawe. Akamgeukia kaka.

"Haya. Yeye hawezi kusema," alisema mama. "Wewe je?"

Na kaka akasema. Alisema yote, amesimama palepale mlangoni, Ijumaa na gari na saini na Shangazi alivyompungia mkono. Wifi alisema mama hakulia na hakupiga kelele. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na kwa siku kadhaa alikula huko huko. Simu zake kwa Desimali zilikatika. Desimali alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Ofisini alirudia kutembea, dirishani hadi mlangoni, na safari hii msichana wa mapokezi hakumtania.

Kamati ilivutana majuma mengi. Mwishowe pande zote mbili zilikubali jambo moja tu, pengine kwa kuwa halikumtaja mtu: tangu sasa daktari wa hospitali atapeleka sampuli mwenyewe bila kungoja saini ya mwenyekiti, na gari litakuwa la hospitali. Kufunga soko kuliachwa mikononi mwa baraza kama zamani. Breki alisema hiyo ni robo mkate, akastaafu wiki hiyo hiyo. Kaka naye alisimama kwenye kikao cha madiwani akaeleza alichokifanya. Chama hakikumfukuza, kilimpongeza kwa uwazi wake, na uchaguzi wa wenyeviti ulipofika kikaweka jina la mtu mwingine.

Mama alipiga simu siku ya kawaida tu, katikati ya kazi. "Njoo Jumapili," alisema. "Tunakwenda kwa wifi yangu."

Walikwenda watatu, kaka akiendesha. Makaburi yalikuwa nje ya mji, na magugu yalikuwa yamesimama mpaka magotini. Mama hakutoa hotuba. Alipiga magoti akaanza kung'oa, na alipoona kaka amebaki amesimama, mikono mifukoni, akamwambia, "Ng'oa na wewe." Kaka akapiga magoti. Desimali akashika upande wa miguuni. Waling'oa mpaka udongo ukaonekana, jua likiwachoma shingo, hakuna aliyezungumza isipokuwa mama kumwambia kaka kwamba anakata majani anaacha mizizi.

Wakati wa kurudi mama alikaa kiti cha nyuma na Desimali. Alikuwa akisafisha kucha zake kwa kijiti.

"Wale wenyeviti wengine," alisema ghafla. "Wa mijini kote huko. Wa huku na wa kule."

"Ndiyo, mama."

"Waliwaambia mama zao?"

Kaka alitazama kwenye kioo cha gari, kisha akarudisha macho barabarani.

"Hilo hatukulipima," alisema Desimali.

Mama akaguna, akatupa kijiti dirishani, akamwambia kaka apunguze mwendo, kuna watoto wanavuka.